Kabla Hujafunga Nguo Zako: Mali, Karatasi na Talaka Mbinga na Nyasa

Kahawa ikishauzwa, fedha huingia Mbinga kwa mkupuo, na nyumba zilizokuwa zikivumiliana mwaka mzima hugombana wiki hizohizo. Mke aliyechuma, akamenya, akaosha na kuanika anasikia kwa jirani kwamba malipo yametoka. Mume anasema fedha ni zake kwa kuwa jina lililoandikwa kwenye chama cha ushirika, AMCOS, ni lake. Maneno yanapanda, wazee wanaitwa, na mwisho mmoja wao, mara nyingi mke, anafunga nguo kwenye kanga na kurudi kwao Maguu, Litembo au Liuli. Anaondoka akiamini ameacha ndoa. Kisheria ndoa bado ipo. Alichoacha ni shamba, nyumba, akiba, na karatasi zote ambazo siku moja zingemsemea mbele ya hakimu.

Makala hii ni ya mtu aliyefika karibu na hatua hiyo, awe mke au mume. Simshawishi mtu kuachana. Ndoa inayotengenezeka itengenezwe, na wazee wetu wana hekima ya kufanya hivyo. Lakini ikishindikana, maamuzi ya kisheria na ya fedha yasifanywe kwa hasira ya usiku mmoja. Neno langu ni moja: sheria ya Tanzania inatambua jasho la kila mmoja katika ndoa, lakini mahakama hugawa kile kilichothibitishwa. Ukilielewa hilo mapema, utajua cha kufanya leo, kesho na mwezi ujao.

Ndoa yako ni ya aina gani?

Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971 inahusu ndoa zote Tanzania Bara: iliyofungwa kanisani, msikitini, bomani au kimila. Cheti kikipotea, ndoa haipotei. Parokia ina daftari lake, na wakala wa usajili, RITA, ana kumbukumbu za ndoa zilizosajiliwa. Ndoa ya kimila inaweza kuthibitishwa na wazee waliopokea mahari na waliokuwepo.

Wapo pia waliokutana tu, wakaanza maisha, wakazaa. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa nyumba za namna hiyo ni nyingi, kwa sababu mvuvi huhama na samaki na harusi huahirishwa mwaka hadi mwaka. Kifungu cha 160 cha sheria hiyo kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa walioana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata mahakama ikiona kwamba hapakuwa na ndoa kamili, bado mwanamke anaweza kudai matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri nyingine stahiki. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba huna haki yoyote kwa sababu hukuvaa shela.

Mahari nayo huleta vitisho vingi. Mke anaambiwa hawezi kuachika mpaka kwao warudishe mbuzi na fedha. Madai ya mahari ni jambo la mila baina ya familia. Kinachompa hakimu uwezo wa kuvunja ndoa ni kingine: je, ndoa hii imevunjika kiasi cha kutotengenezeka? Dalili zinazotajwa na sheria ni pamoja na uzinzi, ukatili, kutelekezwa, kuishi mbalimbali kwa hiari kwa miaka mitatu au zaidi, na kifungo kirefu. Ndoa ambayo haijafikisha miaka miwili haiombewi talaka bila kibali cha mahakama, na kibali hutolewa pale tu panapokuwa na mateso yasiyo ya kawaida.

Talaka au kutengana?

Umatengoni, kwetu Wamatengo wa Mbinga, wengi wetu ni Wakatoliki, na Jimbo la Mbinga limekuwa jimbo kamili tangu 1986. Kanisa halitambui talaka. Mahakama ya serikali ikivunja ndoa, mbele ya Kanisa kifungo kinabaki, na atakayetaka kufunga ndoa nyingine kanisani itabidi apeleke shauri kwenye mahakama ya Kanisa ili ichunguzwe kama ndoa ya kwanza ilikuwa halali tangu mwanzo. Hizo ni njia mbili tofauti. Uamuzi wa moja hauifungi nyingine.

Kwa sababu hiyo wapo waumini wanaovumilia kila kitu, hata kipigo, wakidhani njia pekee ya kisheria ni talaka na talaka ni dhambi. Ipo njia ya tatu ambayo haizungumzwi vya kutosha: kuomba mahakama itoe amri ya kutengana. Amri hiyo haivunji ndoa. Inawaondolea wanandoa wajibu wa kuishi pamoja, na kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali inapotoa amri ya kutengana sawa na inapotoa talaka. Matunzo nayo yanaweza kuamriwa. Kwa mama Mkatoliki wa Kigonsera anayehitaji usalama na sehemu yake ya mali bila kugusa sakramenti yake, njia hiyo inafaa kufikiriwa kabla ya nyingine zote. Zungumza na padri wako kuhusu dhamiri, na mtu wa sheria kuhusu mali, na usimwachie mmoja kazi ya mwingine.

Kwa Mwislamu, talaka iliyotamkwa nyumbani haitoshi mbele ya sheria ya nchi. Sheria inataka Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo nalieleza hapa chini, kwanza lithibitishe kwamba limeshindwa kusuluhisha, ndipo talaka iliyotolewa kwa mujibu wa dini ipelekwe mahakamani na kuwekewa amri. Mwanamke aliyeandikiwa kikaratasi cha talaka asikitupe, wala asidhani kimemaliza habari ya mali.

Baraza kwanza, mahakama baadaye

Hapa ndipo mashauri mengi huanguka. Huwezi kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo likatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza linaweza kuwa la kata, au la jumuiya ya dini lililotambuliwa kisheria. Kikao cha ukoo si Baraza, hata kama wazee wote wa sengu, kikao chetu cha jadi, walikaa na kula pamoja. Jumuiya ndogo ndogo ya kanisani si Baraza. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji si hati ya Baraza. Vyote hivyo vina thamani kama ushahidi kwamba mlijaribu, lakini havifungui mlango wa mahakama.

Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikiwa Mtwara, katika shauri la Hassani Ally Sandali dhidi ya Asha Ally, ilifuta mwenendo mzima kwa sababu talaka ilikuwa imetolewa bila hati halali ya Baraza. Fikiria uchungu wake: miaka ya kupanda ngazi za mahakama, nauli, muda wa mashahidi, kisha mnaambiwa mwanze upya kwa sababu ya karatasi moja.

Basi siku unayokabidhiwa karatasi hiyo, usiikunje na kuondoka. Isome palepale ofisini. Majina yenu yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa. Iwe na tarehe, saini na muhuri wa Baraza. Muhimu kuliko vyote, iseme wazi kwamba Baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Karatasi inayosema tu kwamba mlifika na mkasikilizwa, au kwamba mnapelekwa mahakamani kwa hatua zaidi, inaweza kukuangusha. Omba irekebishwe kabla hujatoka. Kisha hesabu miezi: ombi la talaka liambatane na hati ambayo haijapita miezi sita tangu itolewe. Ukipewa hati Juni, ukasema nisubiri kahawa ichumwe na iuzwe kwanza, msimu ukichelewa unaweza kujikuta Januari ukiwa na hati iliyokufa.

Ipo misamaha. Mwenzako akiitwa na Baraza na kukataa kufika kwa makusudi, akiwa amekutelekeza na hujui aliko, au akiwa nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, mahakama inaweza kukupokea bila usuluhishi. Wanawake wa Mbamba Bay na Lituhi ambao waume zao walivuka kwenda Malawi au Msumbiji wasikae miaka wakimsubiri mtu aje barazani. Msamaha upo pia pale mazingira yasiyo ya kawaida yanapofanya usuluhishi usiwezekane.

Kama unapigwa, anza na uhai wako. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, chukua fomu namba 3, utibiwe na fomu ijazwe, na utunze nakala. Hakuna mali yenye thamani ya kurudi usiku kuitafuta.

Kipi ni chenu, kipi ni chake?

Mahakama hugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, au aliyorithi, kwa kawaida hubaki yake. Hapa mume husema shamba ni la ukoo na mjadala umekwisha. Haujaisha. Sheria inasema mali aliyokuja nayo mmoja ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au kwa juhudi za wote wawili, nayo huingia katika mgawanyo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 nayo inatambua kwamba mwanandoa anayetumia nguvu zake kuzalisha, kutunza na kuendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake hupata maslahi katika ardhi hiyo.

Tulete jambo hili shambani kwetu. Mume amerithi ekari moja ya mibuni mizee kwa baba yake. Baada ya harusi wanaing'oa na kupanda miche mipya. Mbuni hauzai kabla ya miaka mitatu hivi. Katika miaka hiyo mitatu isiyo na kahawa nyumba ilikula nini? Ilikula maharage na mahindi ya ngolo, kilimo chetu cha mashimo mlimani. Na kila Mmatengo anajua kazi ya ngolo inavyogawanywa: mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mwanamke huchimba katikati, hufunika nyasi kwa udongo, hupanda maharage, na msimu unaofuata matuta hayohayo huota mahindi. Ukiona mashimo yamepangwa mlima mzima kuelekea Litembo, unatazama jembe la mwanamke. Kwa hiyo mume akisema mahakamani kwamba mibuni ilipandwa kwa fedha yake peke yake, swali la kumjibu ni nani aliyelisha nyumba wakati mibuni hiyo ilikuwa bado haijazaa. Huo ni mchango wa kazi, na kifungu cha 114 kinataja mchango wa fedha, wa mali na wa kazi kwa pamoja.

Je, kazi za nyumbani? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ni uamuzi unaotajwa sana katika mafunzo ya haki za wanawake nchini. Kisichotajwa mara nyingi ni mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi, naye akazitumia vibaya. Mafunzo ni mawili. Kazi yako inahesabika. Na ulichokwisha kupokea nacho kinahesabika.

Jasho lina karatasi

Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikiwa Tanga, katika shauri la Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, ilikumbusha kwamba kiwango cha mchango wa kila mmoja ni suala la ushahidi. Hakuna kifungu kinacholazimisha nusu kwa nusu. Asiyethibitisha hupewa kidogo au hapewi kabisa, hata akilia.

Kusanya haya mapema, na uweke nakala kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba hiyo:

Karatasi za mauziano ya mashamba na viwanja, zenye majina ya mashahidi na muhuri wa serikali ya kijiji. Hati ya hakimiliki ya kimila, kama ipo.

Stakabadhi za kahawa kutoka AMCOS kwa misimu kadhaa, zikionyesha kilo za kahawa ya maganda na malipo. Kumbuka kwamba kahawa inaweza kulipwa kwa awamu, kwa hiyo fedha ya msimu huu inaweza kuwa bado iko njiani siku mnapoachana. Itaje kwenye madai yako.

Taarifa za usajili wa mbolea ya ruzuku, ulioanza 2022, kwa kuwa zinaonyesha jina la mkulima na ukubwa wa shamba.

Daftari la kikoba, kitabu cha chama cha akiba na mikopo (SACCOS), taarifa ya benki na ya miamala ya simu. Mama anayenunua usipa, dagaa wa ziwani, Liuli na kuusafirisha Mbinga na Songea anaweza kuwa hana karatasi nyingine yoyote ya biashara yake isipokuwa miamala hiyo. Iombe kwa kampuni ya simu kabla laini haijapotea.

Risiti za bati, saruji na misumari, hata zilizofifia. Zipige picha leo.

Majina ya mashahidi: jirani wa shamba, fundi aliyejenga, kibarua aliyelipwa na wewe, mwenyekiti wa kitongoji. Shahidi aliyeona kwa macho ana uzito kuliko ndugu kumi waliosimuliwa.

Kama bado mna amani, fanyeni jambo moja litakalopunguza ugomvi wote wa baadaye: andikisheni ardhi kwa majina yenu wawili. Mali iliyo kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyo kwa majina ya wote huchukuliwa kuwa ni yao kwa sehemu sawa. Kalamu ya siku moja kijijini inawaondolea mzigo wa kuleta mashahidi kwa miaka.

Na nyumba mnayoishi haiuzwi, haiwekwi rehani wala haipangishwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Ukisikia mnunuzi anaonyeshwa kiwanja, andikia serikali ya kijiji barua ya pingamizi siku hiyohiyo, wapokee na kugonga muhuri nakala yako. Shauri likiwa tayari limefunguliwa, omba amri ya kuzuia mali isiuzwe. Fanya hivyo pia kwa kahawa iliyo bado mtini, kwa sababu mtu anayetaka kuficha mavuno huyauza mapema kwa magoma, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika hakuna cha kugawa.

Hesabu ya mgawanyo

Watu wengi hufika mahakamani wakidai "haki yangu" bila kusema ni nini. Hakimu hawezi kukukatia kitu usichokitaja. Andika kila mali, ilipatikana lini, kwa njia gani, na thamani yake ya leo.

Tuchukue nyumba ya mfano. Nyumba ya tofali za kuchoma na bati ina thamani ya shilingi milioni 9. Shamba walilonunua pamoja, milioni 4. Shamba la urithi, ambalo thamani yake imepanda kwa milioni 3 kwa sababu ya mibuni mipya waliyopanda; hapa huhesabiwa hiyo milioni 3, ardhi yenyewe inabaki ya mrithi. Mashine ya kumenya kahawa, laki 6. Kahawa iliyokwisha kupelekwa AMCOS na haijalipwa, milioni 2 na laki 4. Jumla ni milioni 19. Wanadaiwa na SACCOS milioni 1 waliyonunulia mbolea. Kinachobaki kugawanywa ni milioni 18. Mahakama ikiona michango yao inalingana, kila mmoja anastahili milioni 9. Ikiona mke amethibitisha asilimia 40, ni milioni 7 na laki 2.

Sasa jinsi ya kulipana. Kukata shamba la kahawa vipande vidogo kunaweza kuwaacha wote wawili maskini, na mke aliyepewa kipande katikati ya ardhi ya ukoo wa mume atalima akisindikizwa na matusi. Mara nyingi ni heri mmoja abaki na shamba na nyumba, amlipe mwenzake fedha. Ikiwa fedha haipo, iandikwe ratiba inayofuata msimu: katika mfano wetu wa nusu kwa nusu, milioni 3 kila baada ya mauzo ya kahawa kwa misimu mitatu. Makubaliano hayo yaingizwe kwenye amri ya mahakama, ili yakivunjwa yaweze kukaziwa. Ahadi ya mdomo mbele ya wazee haikaziwi.

Ziwani hesabu ni tofauti. Nyavu huchakaa haraka, mtumbwi huoza, mashine ya boti hupoteza thamani kila mwaka. Anayesubiri shauri miaka miwili kisha akapewa "nusu ya nyavu" amepewa kamba. Dai thamani ya zana kwa fedha kama ilivyokuwa mlipotengana, na hakikisha leseni ya chombo na daftari la mauzo vimeonekana. Mwanamke aliyetoa mtaji wa mafuta na taa na kuanika usipa kwenye vichanja aseme hivyo kwa kiasi na kwa mwaka. Vivyo hivyo mume ambaye mtaji wake ndio uliofungua genge la mkewe ana haki ya kuutaja. Sheria haikuandikwa kwa jinsia moja.

Jihadhari na kauli ya "tuwaachie watoto". Inasikika vizuri barazani, lakini mara nyingi maana yake ni kwamba mmoja anaendelea kula mavuno na mwingine anaondoka mikono mitupu. Kama kweli mnataka kitu kiwe cha watoto, kiandikwe kwa majina yao, mbele ya serikali ya kijiji, na isemwe nani anakisimamia mpaka wakue.

Madeni yana wenyewe

Mahakama huangalia pia madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili. Mkopo wa mbolea, ada za shule au bati ni wa nyumba. Mkopo wa kausha damu uliochukuliwa kwa siri na kuliwa na mmoja ni wake, ilimradi uweze kuonyesha hivyo. Tatizo ni kwamba mkopeshaji hafungwi na ugomvi wenu: aliyesaini au kudhamini ndiye atakayefuatwa. Kwa hiyo nenda SACCOS, benki na kikoba mapema, uliza umedhamini nini na kiasi gani kimebaki, na omba taarifa ya maandishi. Usisaini karatasi yoyote mpya ya mkopo au dhamana wakati ndoa iko barazani, hata kama unabembelezwa kwamba ni njia ya kupatana.

Watoto si mali ya ukoo

Kwetu husemwa mtoto ni wa baba. Sheria inasema kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Mahakama huzingatia matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza, na mila za jamii. Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, sheria huanza na dhana kwamba ni vema akae na mama, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Popote atakapokaa, baba ana wajibu wa kumtunza kwa kadiri ya uwezo wake, na mzazi asiyekaa naye aweze kumwona.

Dai la matunzo liende na orodha: chakula, sare, daftari, michango ya shule, matibabu, nauli. Baba anayetegemea kahawa hana mshahara wa mwezi, kwa hiyo ni busara kuomba kiasi kidogo cha kila mwezi na kikubwa cha msimu, wakati wa mauzo. Amri inayotekelezeka ni bora kuliko kiasi kikubwa kisicholipwa. Na tafadhali, mtoto asiwe mjumbe wa kupeleka madai, wala asifundishwe la kumwambia hakimu.

Mahakamani, na baada ya hukumu

Shauri la ndoa linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa wengi wetu Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu inatosha: lugha ni Kiswahili, gharama ni nafuu, na unaweza kujieleza mwenyewe. Mali zikiwa nyingi au zikiwa na hati za mjini, tafuta wakili. Asiye na uwezo amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Mbinga au Nyasa, atakuelekeza. Usimlipe mtu wa mitaani anayekuahidi kwamba anamfahamu hakimu.

Omba mambo yote ndani ya shauri moja: talaka au kutengana, mgawanyo wa mali, malezi ya watoto, matunzo. Wapo waliopata talaka tu, wakafurahi, kisha wakarudi baada ya miaka kutafuta mali iliyokwisha kuuzwa.

Hukumu ikisomwa, omba nakala yake na ya amri siku hiyohiyo. Kama hujaridhika, muulize karani mwisho wa muda wa rufaa na uuandike, maana rufaa huhesabiwa kwa siku na uchungu si sababu ya kuchelewa. Kama mwenzako hatekelezi, rudi mahakamani kuomba kukazia hukumu. Usiende kujichukulia mwenyewe shambani, kwani utageuka mshtakiwa katika shauri ulilolishinda.

Kisha safisha karatasi za maisha yako. Hakikisha talaka imesajiliwa. Badilisha mrithi uliyemwandika AMCOS, benki, kwenye kikoba na mfuko wa hifadhi ya jamii. Andika wosia mpya. Mwalimu au muuguzi aangalie wategemezi wake kwenye bima ya afya. Fungua akaunti yako mwenyewe, hata kama wa kuanzia ni akiba ya debe moja la maharage.

Kwa wazee, mapadri, mashehe na viongozi wa kata wanaosoma haya, nina ombi. Mnapoletewa ndoa iliyovunjika, msihesabu mafanikio yenu kwa idadi ya wanawake mliowarudisha nyumbani. Patanisheni kwa moyo wote panapopatanishika. Pasipopatanishika, toeni hati sahihi, kwa wakati, bila kuomba chochote. Na kwako wewe uliye katikati ya jambo hili: leo, kabla ya kumjibu mwenzako neno lolote, andika orodha ya mali, piga picha karatasi zilizopo, na uzipeleke mahali salama. Mengine yote katika safari hii yatategemea karatasi hizo.